Kifurushi Kilichokosekana: Namna ya Kuchunguza Programu ya Takwimu Inayogoma Kusakinika, na Maana Yake kwa Mgonjwa

Utangulizi

Takwimu za afya zimehama kutoka kwenye rejesta na kikokotoo cha mezani na kuingia kwenye kompyuta. Ofisa wa afya wa wilaya anayetaka kujua kata zenye wagonjwa wengi wa malaria, muuguzi wa kliniki ya tiba na matunzo anayefuatilia kiwango cha virusi vya UKIMWI, na mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu, wote hufika mahali ambapo jedwali la kawaida halitoshi tena. Hapo wengi hugeukia R, programu ya takwimu isiyolipiwa ambayo ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland nchini New Zealand, na ambayo toleo lake la 1.0.0 lilitolewa mwaka 2000.

Aghalabu kikwazo cha kwanza anachokutana nacho mtumiaji si hesabu. Ni kusakinisha. Anaandika amri aliyofundishwa, kompyuta inajibu kwa mistari mingi ya Kiingereza, na mwishoni kazi haijafanyika. Baadhi hukata tamaa na kurudi kuhesabu kwa mkono. Wengine hubahatisha: hufuta programu yote na kuianza upya, hubadili toleo, hunakili amri wasizozielewa. Huko ni kutoa dawa kabla ya kumpima mgonjwa.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchunguza hitilafu za usakinishaji kwa utaratibu ambao mhudumu wa afya anaufahamu tayari: kusikiliza historia, kupima, kutambua chanzo, kutibu, kisha kufuatilia. Yanaonesha pia kwamba programu inayogoma kufanya kazi haijamdhuru mtu yeyote, bali ya kuogopwa ni ile inayokubali kufanya kazi na kutoa jibu lisilo sahihi bila kusema neno.

Kifurushi na kitegemewa ni nini?

R hufika kwenye kompyuta ikiwa na uwezo wa msingi tu. Uwezo wa ziada huongezwa kwa vifurushi, yaani mikusanyiko ya amri iliyoandikwa na wataalamu mbalimbali na kuhifadhiwa katika ghala la mtandaoni liitwalo CRAN, lililoanza mwaka 1997 na ambalo sasa lina vifurushi zaidi ya 20,000. Kifurushi cha readxl husoma majedwali ya Excel. Kile cha haven husoma mafaili ya Stata na SPSS. Kile cha sf huchora ramani na kushughulikia mipaka ya kata na wilaya.

Kifurushi kimoja hakijitoshelezi. Mwandishi wake hutumia kazi za vifurushi vingine badala ya kuandika kila kitu upya. Kile ambacho kifurushi hukihitaji ili kifanye kazi ndicho kinachoitwa hapa kitegemewa. Vitegemewa viko katika ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni vifurushi vingine vya R. Ngazi ya pili ni maktaba za mfumo, yaani programu zilizo nje ya R kabisa, ambazo hukaa ndani ya mfumo endeshi wa kompyuta. Kifurushi cha sf, kwa mfano, hutegemea kifurushi cha units kinachoshughulikia vipimo. Units nacho hutegemea maktaba ya mfumo iitwayo udunits. Na sf yenyewe hudai maktaba tatu za ramani: GDAL, GEOS na PROJ.

Hali hii haina tofauti na chumba cha upasuaji. Daktari wa upasuaji humtegemea mtoa dawa ya usingizi, mtoa dawa ya usingizi hutegemea mashine ya oksijeni, na mashine hutegemea umeme. Jenereta ikikosa mafuta, ndugu wa mgonjwa huambiwa tu kwamba upasuaji umeahirishwa. Kumlaumu daktari, au kumwita daktari mwingine, hakutarejesha umeme.

Ujumbe wa hitilafu ni historia ya mgonjwa

Kosa kubwa la wanaoanza ni kusoma mstari wa mwisho peke yake. Msomaji achukulie mfano wa ofisa anayetumia kompyuta yenye mfumo wa Ubuntu, aliyeagiza kusakinisha sf ili achore ramani ya malaria. Mstari wa mwisho anaouona unasema kwamba usakinishaji wa kifurushi cha sf ulikuwa na "non-zero exit status". Maana yake ni kwamba kazi haikukamilika, basi. Mstari huo hautaji ugonjwa. Unatangaza tu kwamba mgonjwa anaumwa.

Akipanda juu kidogo, ofisa huyo atakuta mstari mwingine unaosema kwamba kitegemewa units hakipatikani kwa ajili ya sf. Hapo amekaribia, ila bado hajafika. Akipanda juu zaidi, hadi mahali neno la kushindwa linapojitokeza kwa mara ya kwanza, atasoma kwamba maktaba ya libudunits2 haikupatikana, na mara nyingi ujumbe huohuo humtajia jina la kitu cha kusakinisha katika Ubuntu: libudunits2-dev. Hicho ndicho chanzo. Vilivyofuata vyote vilikuwa dalili.

Madaktari huijua hali hii kwa jina la maumivu ya rufaa. Mgonjwa hulalamikia bega la kulia, kumbe ugonjwa uko kwenye kifuko cha nyongo. Anayelichua bega hatamponya. Vivyo hivyo, anayefuta sf na kuisakinisha mara kumi atapata jibu lilelile mara kumi, kwa kuwa upungufu haumo ndani ya sf. Kanuni ni hii: hitilafu ya kwanza katika mfululizo ndiyo ya kutibiwa kwanza. Ikishaondoka, amri ya mwanzo irudiwe, kwa maana huenda nyuma yake kulikuwa na upungufu mwingine, kama vile wa GDAL, uliokuwa bado haujafikiwa.

Hitilafu zinazojitokeza mara kwa mara

Hitilafu nyingi za usakinishaji huangukia katika makundi machache. Anayeyajua makundi hayo huokoa muda mwingi.

1. Kifurushi hakipo kabisa. Ujumbe "there is no package called", ukifuatwa na jina, una maana kwamba R imeagizwa kukitumia kifurushi ambacho haijakipata katika folda zake. Mara nyingi hakijasakinishwa, na tiba ni amri ya install.packages. Pengine jina limekosewa, kwani R hutofautisha herufi kubwa na ndogo.

2. Vifurushi vilikuwapo, sasa havionekani. Hili hutokea baada ya kupandisha toleo la R, tuseme kutoka 4.3 kwenda 4.4. Kila toleo la namna hiyo lina folda yake ya vifurushi. Vya zamani havikufutwa. Vimebaki katika folda ambayo toleo jipya haliitazami. Amri ya .libPaths() huonesha folda zinazotazamwa. Tiba salama ni kuvisakinisha upya, si kuhamisha folda nzima, kwa kuwa vingine vilijengwa kwa ajili ya toleo la zamani.

3. Maktaba ya mfumo imekosekana. Hili huonekana zaidi katika Ubuntu na mifumo ya jamii yake, ambako vifurushi kwa kawaida hujengwa upya kutoka katika msimbo chanzo. Katika Windows na macOS, ghala hutoa vifurushi vilivyokwisha kujengwa, ndiyo maana amri moja hufanikiwa kwenye kompyuta ya mwenzako na kushindwa kwenye yako. Tiba ni kumwomba mwenye mamlaka ya kompyuta asakinishe maktaba iliyotajwa.

4. Vifaa vya ujenzi havipo. Mtumiaji wa Windows huweza kuulizwa kama angependa kujenga kifurushi kutoka katika msimbo chanzo kwa sababu toleo jipya zaidi liko hivyo. Akijibu ndiyo pasipo kuwa na Rtools inayolingana na toleo lake la R, kazi itashindwa. Kwa wengi, jibu la hapana linatosha: watapata toleo lililotangulia kidogo ambalo tayari limejengwa.

5. Hakuna ruhusa ya kuandika. Kompyuta za ofisi hufungwa ili watumiaji wasibadilishe mfumo. R ikisema kwamba folda "is not writable", hutoa pia nafasi ya kuunda folda binafsi ya vifurushi. Kukubali pendekezo hilo kunafaa zaidi kuliko kutafuta nywila ya msimamizi.

6. Kufuli lililosahaulika. Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, huweza kubaki folda ambayo jina lake huanza na 00LOCK. R huiona na kudhani kwamba kazi nyingine inaendelea. Baada ya kufunga madirisha yote ya R na kuhakikisha kwamba hakuna usakinishaji unaoendelea, folda hiyo hufutwa na kazi hurudiwa.

Pale intaneti inapokuwa haba

Vituo vingi hutegemea bando la simu. Mtumishi hupakua faili la kifurushi mjini, hulibeba kwenye flashi, kisha hushangaa linapokataa. Sababu ni kwamba R inapoagizwa kusakinisha kutoka katika faili lililopo kwenye kompyuta, haiendi kutafuta vitegemewa mtandaoni. Anayebeba kifurushi kimoja hubeba dawa bila maji ya kuichanganyia.

Njia inayofaa ni kupanga safari kabla ya kuondoka. Kwanza, aandike toleo la R na mfumo endeshi wa kompyuta ya kituoni. Pili, akiwa mahali penye mtandao imara, atumie amri ya tools::package_dependencies kupata orodha ya vitegemewa vyote, pamoja na vitegemewa vya vitegemewa. Tatu, apakue vyote kwa toleo lilelile. Nne, avisakinishe kwa kuanzia ngazi ya chini kwenda juu. Anayefuata mpangilio huo hatalazimika kufunga safari ya pili.

Hitilafu isiyo na ujumbe

Hadi hapa hitilafu zote zilizotajwa zina sifa moja njema: zinajitangaza. Kazi imesimama, lakini hakuna takwimu potofu iliyotoka. Zipo nyingine ambazo hazitangazwi, na chanzo chake ni tofauti ya matoleo.

Toleo la R 4.0.0, lililotolewa Aprili 2020, lilibadili desturi moja ya muda mrefu. Kabla yake, safu yenye maandishi katika faili la CSV iligeuzwa moja kwa moja kuwa orodha ya makundi, na kila kundi likapewa namba ya nafasi yake. Kuanzia toleo hilo, maandishi hubaki maandishi. Badiliko hilo laonekana dogo hadi litazamwe kwa macho ya kliniki.

Msomaji awafikirie wagonjwa watano wa kliniki ya tiba na matunzo, ambao majibu yao ya kiwango cha virusi, kwa nakala katika mililita moja ya damu, ni haya: <20, <20, 450, 1,200 na 85,000. Tarakimu hizo zimeandikwa katika faili bila mikato. Kwa mpaka wa nakala 1,000 unaotumiwa na Shirika la Afya Duniani, wagonjwa watatu kati ya watano wamefubaza virusi, sawa na asilimia 60.

Kwa kuwa alama ya "<" si namba, safu nzima husomwa kama maandishi. Mtumishi huandika amri ya as.numeric ili kuigeuza kuwa namba. Katika toleo la zamani, amri hiyo hairejeshi majibu ya maabara, bali namba za nafasi za makundi. Makundi yako manne, basi hakuna mgonjwa anayepata zaidi ya 4, hata yule mwenye nakala 85,000. Wote watano wanaonekana wamefubaza virusi: asilimia 100. Hakuna onyo lolote linalotokea kwenye kioo. Hata kliniki kubwa haisalimiki, kwani ikiwa majibu tofauti katika faili hayazidi 1,000, hakuna mgonjwa atakayevuka mpaka.

Katika toleo jipya, amri ileile kwenye faili lilelile hurejesha 450, 1,200 na 85,000 kwa usahihi, ila wale wawili wenye "<20" hugeuka kuwa nafasi tupu. Nafasi tupu zikiachwa nje ya hesabu, aliyefubaza virusi ni mmoja kati ya watatu, yaani asilimia 33. Safari hii R hutoa onyo kwamba nafasi tupu zimeingizwa. Asiyesoma maonyo hataliona.

Kwa hiyo faili moja na amri moja zimezaa asilimia 100 na asilimia 33, ilhali ukweli ni asilimia 60. Jibu la kwanza ndilo lenye madhara makubwa zaidi. Mgonjwa mwenye nakala 85,000 anahitaji ushauri nasaha wa ufuasi wa dawa, kipimo cha marudio, na pengine dawa nyingine. Akiwa mama anayenyonyesha, mtoto wake yumo hatarini. Ripoti inayosema kwamba kila mtu yuko salama humwondoa katika orodha ya wanaotafutwa, wala yeye hatajua kwamba jina lake lilikuwa liwemo.

Tatizo hili si la R peke yake. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walichapisha utafiti uliolinganisha matoleo ya FreeSurfer, programu inayopima sehemu za ubongo kutokana na picha za MRI. Picha zilikuwa zilezile, matoleo ya programu ndiyo yaliyotofautiana, na vipimo vya ujazo vilipishana kwa wastani wa asilimia 8.8. Waliona tofauti, ingawa ndogo zaidi, hata pale kilichobadilika kilikuwa kompyuta au toleo la mfumo endeshi. Daktari anayelinganisha vipimo vya mgonjwa vya mwaka jana na vya mwaka huu sharti ahakikishe kwamba kilichobadilika ni ubongo, si programu.

Sampuli ya udhibiti kwa takwimu

Maabara haianzi kupima damu za wagonjwa kabla ya kupima sampuli ya udhibiti ambayo jibu lake linajulikana. Mchambuzi wa takwimu naye anaweza kufanya hivyo. Aandae faili dogo lenye wagonjwa watano wa kubuni, akokotoe jibu kwa mkono, kisha alipitishe faili hilo katika amri zake kila mara anapohamia kompyuta nyingine au anapobadili toleo. Jibu likipishana, asiendelee.

Jambo la pili ni kuweka kumbukumbu. Amri ya sessionInfo() hutoa toleo la R, mfumo endeshi na matoleo ya vifurushi vinavyotumika. Ihifadhiwe pamoja na kila ripoti, kama namba ya toleo la dawa inavyoandikwa kwenye kadi ya chanjo. Kwa kazi ya muda mrefu, kifurushi cha renv huandika orodha ya vifurushi na matoleo yake katika faili moja, na mwenzake aliye kituo kingine huweza kuvirejesha vilevile. Faili hilo haliandiki maktaba za mfumo kama GDAL, hivyo ziorodheshwe kando.

Kuomba msaada bila kufichua siri za mgonjwa

Anayekwama huhitaji msaada, na njia nyepesi ni kupiga picha kioo na kuituma katika kundi la WhatsApp. Picha hiyo huweza kubeba majina, namba za kliniki na majibu ya vipimo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria ya aina hiyo ya mwaka 2019. Hata bila sheria, kiapo cha utunzaji wa siri hakikomei kwenye chumba cha daktari.

Ombi zuri la msaada lina mambo manne: amri iliyoandikwa, ujumbe wote wa hitilafu kuanzia mstari wa kwanza na ukiwa umenakiliwa kama maandishi, matokeo ya sessionInfo(), na data za kubuni zinazozalisha hitilafu ileile. Faili halisi la wagonjwa halina nafasi humo. Kwa hitilafu ya usakinishaji halihitajiki hata kidogo, kwa kuwa programu imeshindwa kabla ya kuliona.

Nafasi ya mgonjwa

Mgonjwa hatakiwi kujua majina ya vifurushi. Anayo haki ya kuuliza. Akiambiwa kwamba majibu yake yako sawa, anaweza kuomba atajiwe tarakimu yenyewe, iandikwe kwenye kadi yake, na ilinganishwe na ya safari iliyopita. Tarakimu iliyotoka maabara moja kwa moja haijapita katika amri za mchambuzi. Mgonjwa anayeijua tarakimu yake ni kinga ya ziada dhidi ya ripoti iliyokosewa, kwani muuguzi akimwambia jambo lisilolingana na kadi, wote wawili watasimama na kuuliza.

Hitimisho

Hitilafu ya usakinishaji hutibika kwa utulivu: ujumbe usomwe kuanzia juu, chanzo kitafutwe katika ngazi ya chini, kitibiwe kimoja, amri irudiwe. Mtumishi wa afya ana mafunzo ya kufanya hivyo, kwa kuwa ndivyo anavyomchunguza mgonjwa kila siku. Kazi hiyo haiishii pale programu inapofunguka. Kabla ya kuingiza data za watu halisi, apitishe sampuli ya udhibiti, asome maonyo, aandike matoleo. Nyuma ya kila mstari wa jedwali yupo mtu anayesubiri kuitwa kliniki, na yule mwenye nakala 85,000 hataitwa iwapo programu imemhesabu kuwa na 4.